Aliyeshika Taa

Kwako dada yangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, wewe na shangazi na hiyo cherehani yenu. Natumaini mgongo umepoa, na macho hayakusumbui tena kwa kushona vitambaa vyeusi kutwa nzima. Huku nyumbani Mama ni mzima. Anakohoa kidogo asubuhi, lakini ulimi wake haujawahi kuumwa hata siku moja, na bado ananigombeza kwa vile ninavyokaa, ninavyokula na ninavyofunga mlango. Mimi mwenyewe ni mzima wa afya, duka la vipuri linakwenda, na ukitaka kujua ukweli, wiki hii nimekuwa na raha ambayo Mama anasema si ya mtu mwenye akili timamu. Nimekuwa nikiimba dukani. Mteja mmoja aliyekuja kununua balbu aliniuliza kama nimepata mchumba.

Mchumba sijapata. Nimelipiza kisasi, dada yangu, na kwa kuwa kisasi chenyewe ni chako nami nimekilipiza bila kukuomba ruhusa, naona ni haki nikusimulie tangu mwanzo. Kaa chini kwanza. Kama unakunywa chai, maliza.

Ni habari ya lile gari. Najua uliniambia nisikutajie tena, na nimekaa miaka nikikutii. Lakini siku hizi kila nikipita pale gereji na kuliona limekaa chini ya paa, jekundu, milango yake miwili iking'aa na pua yake ndefu ikitazama barabara kana kwamba linatusubiri, roho inaniuma upya. Nakumbuka wewe na mumeo mlivyolikuta nyuma ya yadi ya vyuma chakavu, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Nakumbuka shemeji alivyolinyoosha bodi na kulipaka rangi, na hapo sitamnyima haki yake, rangi anaijua. Lakini injini ni wewe. Silinda zote sita ulizifungua mwenyewe, ukaziosha mwenyewe, ukazipanga upya mwenyewe ndani ya lile banda lenye giza hata saa sita mchana. Halafu siku gari lilipowaka, akaja yule mpiga picha wa gazeti, na shemeji akakuomba usogee pembeni kwa sababu ovaroli lako lilikuwa na oili. Alipoulizwa wewe ni nani akasema ni mke wake, alikuwa anamshikia taa tu, na anayeshika taa hajui kitu. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilisikia kwa masikio yangu.

Tangu siku ile mji mzima unamwita Injinia. Baadaye Injinia akaona gereji haiwezi kuwa na sauti mbili, na baada ya gereji akaona hata nyumba haiwezi. Ukafunga mizigo yako kimya kimya, ukaenda kwa shangazi, ukaacha spana zako zikining'inia ukutani. Wewe ulisamehe, au ulisema umesamehe. Mimi sikusema kitu kama hicho.

Sasa sikiliza. Miezi michache iliyopita alihamia hapa mama mmoja, daktari wa meno aliyestaafu. Wote tunamwita Daktari. Ni mama wa makamo, mfupi, anavaa suruali yenye mifuko mingi, na anapenda magari ya zamani ya mbio kuliko wengine wanavyopenda wajukuu. Nyuma ya nyumba yake amejenga gereji pana yenye sakafu ya vigae, magari yake yamepangwa ndani, na anatafuta fundi mkuu wa kumkabidhi funguo. Siku moja alikuwa akitembea kwa miguu pale kilimani, likampita lile gari letu. Akasimama akasikiliza. Akaja dukani kwangu kuuliza ni la nani, akaniambia kwamba gari hata mjinga anaweza kulinunua, yeye anataka mkono uliounda ile injini. Kabla sijafungua mdomo, mwalimu wa udereva aliyekuwa anasubiri chenji akamjibu kwamba huo ni mkono wa Injinia.

Daktari akaenda kwa Injinia. Injinia akasema ndiyo, mkono ni wake. Wakakubaliana kwamba Jumapili mchana Daktari aje gerejini, aione injini, aisikie, apande kilima nayo. Akiridhika, atanunua gari na funguo za ile gereji ya vigae zitakwenda mfukoni mwa Injinia. Kazi yako, dada. Kazi ambayo Daktari alikuwa anaitafutia fundi kwa kusikia sauti ya mikono yako. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama kwamba safari hii simwachii. Mama akaniambia nimwachie Mungu. Nikamjibu kwamba Mungu ana kazi nyingi, hii ndogo naweza kumsaidia. Akanirushia kandambili.

Sikuwa na mpango wowote, naapa. Mpango ulikuja wenyewe kwa miguu yake. Alhamisi Injinia aliingia dukani. Huyu mtu hana haya hata chembe. Aliniita shemeji kwa sauti ya kicheko, akamwulizia Mama, akaegemea kaunta yangu kana kwamba hatukuwahi kugombana. Akasema gari limeanza kukohoa asubuhi zenye unyevu na kukosa nguvu kilimani, na kwamba yeye kwa utaalamu wake amegundua nyaya za plagi zimechoka. Hapo alisema kweli, ingawa nadhani aligundua baada ya kupigwa shoti. Zile nyaya ulizifunga wewe. Raba yake imekauka na kupasuka, na moto badala ya kufika kwenye plagi unavujia kwenye chuma kilicho jirani.

Kwa gari la umri ule, nyaya za kuaminika ziko kwangu peke yangu, na alilijua hilo. Lakini yeye hakutaka za kuaminika. Alitaka nyekundu, zifanane na bodi. Ninazo. Unazijua zile, nene, zinang'aa ndani ya nailoni, zinauzika sana kwa vijana. Ngozi yake ni plastiki tu. Zikilala jirani na eksozi, lile bomba la moshi, zinakakamaa, halafu zinapasuka, na vichwa vyake vya bati havijauma waya wa ndani, vimeugusa tu kwa adabu. Gari likiwa la baridi zinafanya kazi vizuri kabisa. Lingetoka getini likinguruma kama simba, na katikati ya kilima, Daktari akiwa kiti cha pembeni, injini ingeanza kupoteza silinda moja, kisha ya pili, kisha wangesukuma.

Nilizishusha, dada. Nikaziweka juu ya kaunta. Injinia akazichukua akazinyanyua kwenye mwanga, akatabasamu, na mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kutaja bei.

Halafu nikakumbuka kwamba gari likikohoa pale kilimani, Daktari hatasema nyaya mbovu. Atasema injini mbovu. Atashuka, atajifuta mikono, atakwenda kumtafuta fundi mwingine mji mwingine, na kazi yako itakuwa imezikwa mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu mimi. Ningekuwa nampiga yeye kwa mgongo wako. Nikamnyang'anya zile nyekundu. Nikamwambia angoje.

Niliingia stoo, nikachagua kama ulivyonifundisha. Za uzi wa kaboni niliziacha, kwa sababu zinataka mtu mpole na Injinia akitaka kutoa kofia ya plagi anavuta waya wenyewe kama anayeng'oa magugu. Nikachukua zile nyeusi za shaba, ambazo ndizo gari la umri ule lilizaliwa nazo. Ngozi yake ni ya silikoni, unaikunja inakunjika, unaisogeza kwenye joto haijali. Nikakagua vichwa vya shaba nyeupe kimoja kimoja, nikavuta kila kimoja kwa nguvu zangu zote kuona kama kimeuma. Nikaangalia zile kofia za raba, ndefu, zinazofunika shingo yote ya plagi unyevu usipate pa kuingilia, na ukizisukuma zinaitikia kwa ule mlio mdogo unaoupenda. Nikazipima kwa mita. Dada, hata wewe ungekuwa unaendesha gari lile hadi mwisho wa dunia, ningekufungia hizo hizo.

Alipoona ni nyeusi akakunja uso. Basi nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamwambia kwamba mtu anayeelewa magari kama Daktari akiona nyaya nyekundu kwenye gari la kale ni sawa na kumwona bibi kizee amepakwa rangi ya mdomo kwa nguvu, na kwamba fundi mwenye jina kama lake hawezi kukosea kitu kama hicho. Alicheka sana. Akasema na yeye alikuwa anafikiria hivyo hivyo.

Sasa ndipo ilipokuja ile dakika. Zile nyaya hazina namba. Alizigeuza geuza, akaangalia kaunta, akaangalia dari, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anauliza habari za hali ya hewa, eti kwenye kofia ya distribyuta, ile inayogawia kila plagi moto wake, hivi mpangilio unaanzia tundu lipi. Nyuma yake walikuwa wamesimama mwalimu wa udereva na yule mchomeleaji wa jirani. Nikainua sauti kidogo, si sana. Nikamwambia, shemeji, si wewe uliyeiunda injini, mimi muuza duka nikufundishe? Mchomeleaji akamtazama. Injinia akacheka tena, safari hii meno peke yake, akasema alikuwa ananipima tu.

Unajua nilichokuwa nakijua. Kila kitabu cha gari lile kinasema waya wa silinda ya kwanza unaanzia tundu lililoelekea mbele. Lakini wewe ulipoiweka distribyuta, kijimkono chake cha pembeni kiligonga kile kipande cha chuma alichokuchomelea mchomeleaji kushikilia bomba, ukaitoa, ukaigeuza, ukairudisha ikiwa inatazama nyuma, na nyaya zote zikahama matundu matatu kutoka mahali pake pa kitabuni. Ukaweka nukta ya kijani pembeni ya tundu la kuanzia, kwa rangi yangu ya kucha, ile uliyoiazima kwangu na hukuirudisha. Na ukaniambia kwamba mtu akibadilisha nyaya hizi kwa utaratibu, atoe mmoja aweke mmoja, hana haja ya kujua lolote, hawezi kukosea.

Sentensi moja tu, dada. Toa mmoja, weka mmoja. Ilikuwa hapa kwenye ncha ya ulimi. Ningeisema, Jumapili gari lingewaka na Injinia angepewa funguo. Lakini nilijua kwamba mpaka rangi akiona injini anaona kitu cha kung'arisha, na kwamba atazing'oa nyaya zote kwa pamoja ili apate kusugua. Nikazifunga nyaya kwenye gazeti, nikampa chenji, nikamtakia kazi njema. Wewe uliyenipa jina la Kasuku ndiye unayeweza kuelewa jinsi ilivyonigharimu.

Jumapili nilivaa gauni langu la manjano, lile alilonishonea shangazi. Mama aliuliza naenda kwenye harusi ya nani. Nilipofika gerejini watu walikuwa wamejaa uani, mchomeleaji, fundi viti, mwalimu wa udereva, majirani na viti vyao. Daktari alikuwa amekuja na kimkoba chake cha vifaa. Injinia alivaa ovaroli jipya lenye mikunjo ya pasi. Akafungua boneti kwa vidole viwili, na lazima nikiri palikuwa panapendeza. Kila kitu kilikuwa kimesuguliwa kikang'aa, mfuniko wa injini umepakwa rangi upya, na zile nyaya nyeusi zimelala sambamba kwenye klipu zake kama nywele zilizosukwa. Alimwambia Daktari kwamba nyekundu zingekuwa kama kumpaka bibi kizee rangi ya mdomo. Daktari alicheka. Nikauma kidole nisicheke mimi.

Akaingia, akawasha. Starta ikazungusha, injini ikakohoa, ikanyamaza. Akazungusha tena. Ikapiga mshindo mmoja ambao uliwafanya majirani wanyanyuke na viti vyao. Akashuka akisema ni mafuta tu hayajafika, akainama juu ya kabureta, akamwambia fundi viti azungushe. Hapo moto ukarudi juu, mwali mmoja wa haraka, puu, na Injinia alipoinua uso hakuwa na nyusi ya kushoto.

Nilicheka, dada yangu. Sikuweza kujizuia. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Basi akanigeukia. Akaninyooshea kidole mbele ya watu wote akasema nyaya nilizomwuzia ni feki, kwamba familia yetu ina kinyongo na nimemhujumu kwa makusudi. Watu walinitazama, na nikajua kwamba kama ningempa zile nyekundu, leo ningekuwa nimekwisha, mimi na duka langu.

Daktari akasogea kwenye injini. Akatoa plagi mpya kwenye kimkoba chake, akaichomeka kwenye kofia ya waya wa kwanza, akailaza kwenye chuma cha injini, akamwomba fundi viti azungushe. Cheche ikaruka, nene, ya buluu, ikilia tak tak tak mpaka waliosimama nyuma wakaisikia. Akaenda wa pili, hivyo hivyo. Alizipima zote. Akauliza ni nani aliyezichagua, kwa sababu hajaona nyaya zilizofungwa vichwa vizuri namna ile tangu ahamie hapa. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

Halafu akavaa miwani, akainama juu ya injini kama anavyotafuta jino bovu. Akamwuliza Injinia kwa nini distribyuta inatazama nyuma, maana na yeye analo gari kama lile na yake inatazama mbele. Injinia akasema ndivyo lilivyotoka kiwandani. Daktari akasema kiwandani hawakufanya hivyo. Akapitisha ukucha pembeni ya kofia, akaonyesha kitu kidogo cha kijani kilichobaki kwenye ufa, akauliza ni nini. Injinia akajibu kwamba ni uchafu, alihangaika nao kutwa nzima kwa thina na haujaisha.

Daktari akavua miwani. Akasema mtu fulani mwenye akili aliiandikia injini hii maelekezo, na Injinia ameyafuta. Akamwambia kwamba yeye hakuja kununua rangi, alikuja kutafuta mkono, na kama hapa hakuna anayejua mkono ni wa nani, basi anaaga.

Injinia alinitazama. Mimi nilimtazama bila kupepesa. Akaangalia viatu vyake, akanywea ndani ya lile ovaroli mpaka likaonekana la kuazima. Halafu akataja jina lako. Alilitaja lote, pamoja na la baba yetu. Akasema wewe ndiye uliyeiunda injini, tangu boliti ya kwanza mpaka ya mwisho. Daktari akamwuliza na yeye alikuwa anafanya nini. Akasema alipaka rangi. Ilibidi arudie, kwa sababu mara ya kwanza hakusikika.

Hayo ndiyo niliyotaka kuyasikia tangu siku ya mpiga picha. Nilidhani nikiyasikia moyo utatulia. Ulitulia mpaka nilipofika kwenye kona ya barabara, kisha nikataka kuyasikia tena.

Uamuzi wa Daktari ni huu. Gari libaki pale pale, boneti imefungwa, asiliguse mtu yeyote mpaka aje aliyeliunda. Akiliwasha, atalinunua kwenu nyote wawili kwa kuwa ni lenu nyote wawili, na funguo za ile gereji ya vigae ni zake aliyeliwasha, akizitaka. Ameniomba nikuandikie. Ameniuliza pia kama bado unafanya kazi ya ufundi, nikamwambia unafanya.

Mama nilimsimulia nikidhani atashangilia. Aliuliza kwanza kama jicho la yule mtu limepona. Nikamwambia ni nyusi tu, itaota. Akasema kwamba hajui kama haya nimemfanyia dada yangu au nimejifanyia mimi. Nimelifikiria neno hilo nikiwa napanga rafu. Nadhani ana haki kidogo. Huenda wewe huko umeshapata amani yako, unapinda mapindo ya watu na hutaki tena kusikia harufu ya oili, na mimi nimekufukulia kidonda. Kama ni hivyo nigombeze. Lakini siwezi kukuambia najuta, kwa sababu sijuti.

Sasa kuna jambo nimelichelewesha mpaka hapa. Pale uani, kabla ya kuaga, Daktari alinivuta pembeni akaniuliza kama mimi, kwa kuwa ni mdogo wako na nauza vipuri, sijui nyaya zinaanzia wapi. Nikamwambia sijui. Nilimtazama yule mama machoni nikamdanganya.

Najua, dada. Unajua kwamba najua. Najua tundu la kuanzia hata nikifumba macho, najua moja, tano, tatu, sita, mbili, nne, kwa sababu ulikuwa unaniimbisha. Ningeweza kuliwasha gari lile siku ile ile, nikiwa na gauni langu la manjano, na bila kuchafuka. Lakini likiwashwa na mimi, watu watasema limewashwa na nyaya. Nataka liwashwe na wewe.

Na kesho yake, Jumatatu, alikuja. Alikuja peke yake, duka likiwa halina mteja, bila kicheko. Hakuniita shemeji, aliniita mama. Akasema hata akilala hapati usingizi, akaniomba nimwonyeshe tu mpangilio ili aliwashe kabla hujaja, yaishe. Alisema anajua kwamba najua, kwa sababu siku zote nilikuwa nafunga duka na kuja kule bandani kwako. Nikamwambia ni kweli nilikuwa nakuja. Nikamwambia lakini mimi nilikuwa nakushikia taa tu, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia mpiga picha kwamba anayeshika taa hajui kitu.

Maana ni mimi, dada. Taa niliishika mimi. Yeye hata taa hakuwahi kuishika. Niliishika mpaka bega likafa ganzi, na kila ulichogusa nilikiona, kwa sababu pale mwanga unapokwenda ndipo na macho ya mwenye taa yanapokwenda.

Aligeuka na nyusi yake moja. Halafu akaondoka, na alipofika mlangoni nilimwita, nikamwambia awepo siku utakayokuja. Daktari amekubali. Lile banda bado lina giza na utahitaji mtu wa kukushikia taa. Taa nimeshaitoa kwenye rafu, ile yenye waya mrefu na ndoano, nimeifuta vumbi na kuiweka chini ya kaunta pamoja na seti ya pili ya nyaya, iwapo utataka kuanza upya, na kichupa kipya cha rangi ya kucha ya kijani. Spana zako nilizichukua ukutani mwake pale pale Jumapili, mbele ya watu, na hakuna aliyenizuia.

Njoo, dada yangu. Cherehani mwachie shangazi. Mimi nitakaa kwenye kiti kama majirani wengine, mikono mapajani, na Injinia ndiye atakayesimama karibu yako. Usimgombeze na usimwambie lolote. Mwambie tu asogeze taa, na akisogeza vibaya, mwambie tena.

Mama anakusalimu, anasema uje na sweta maana asubuhi kuna baridi. Msalimie sana shangazi, mwambie ushonaji wake ndio uliovaliwa siku nyusi ilipoungua. Mchomeleaji naye ameniomba nikupe salamu, anasema kile kipande chake cha chuma bado kimeshika.

Ni mimi mdogo wako, niliyenyamaza mara moja tu maishani,

Kasuku.